Treni ya Emali

Millicent alimtahadharisha Mumbua wakiwa bado ndani ya gari, wametoka kanisani Mesaimeer na kushika njia ya Al Wakrah. "Kwangu utamkuta mtu anaitwa Dedan. Usibishane na yeye mambo ya kantri. Afadhali ubishane na polisi wa trafiki."

Mumbua alicheka tu. Alikuwa muuguzi wa wodi moja na Millicent, na zamu za Ijumaa, ambayo huku Uarabuni ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, zilikuwa zimemnyima kanisa pamoja na hili baraza la muziki wa kantri la nyumbani kwa Millicent alilolisikia kwa masimulizi tangu aje Doha. Safari hii alimbembeleza Mfilipino mmoja wabadilishane zamu, kwa sababu alikuwa na jambo lake. Jambo lenyewe lilikuwa baba yake. Jumanne, kule Nairobi, madaktari wangemfungua mzee Joram koo na kuliondoa zoloto, kile kisanduku ambamo sauti ya mtu hukaa. Uvimbe ulikuwa umekwisha kuota mizizi na hapakuwa na njia nyingine. Mumbua aliielewa ripoti ile neno kwa neno, na kuielewa hakukumsaidia kitu. Alijifungia bafuni akalia kama mtu yeyote.

Mzee Joram alikuwa mwimbaji. Kwa miaka mingi aliimba kantri katika baa moja ya Emali, kando ya reli, kofia pana kichwani na gitaa lililofungwa waya pale lilipopasuka. Madereva wa malori walimpenda, wakamnunulia soda kwa kuwa hakunywa pombe, kisha wakawasha malori yao wakaenda zao. Hakuwahi kuingia studio, wala redio haikupata kumtaja. Mumbua alitaka jina lile litajwe mahali fulani na watu wanaojua kantri ni nini, tena litajwe kabla ya Jumanne, mzee alisikie angali na sauti ya kuitikia. Hakutaka zaidi ya hapo.

Ilikuwa mwaka 2013, na sebule ya Millicent ilikuwa imechangamka. Juu ya kochi, pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi, Benard mumewe alikuwa amewaachia wenzake ukuta mzima. Picha ya harusi ilihamishiwa chumbani, na Millicent hajalisamehe hilo hadi leo. Ukutani walikuwepo Jim Reeves, Dolly Parton, Don Williams na Charley Pride, na pembeni Kenny Rogers, aliyebandikwa juzijuzi tu. Habari zilikuwa zimefika kwamba Nashville, makao makuu ya kantri kule Marekani, wanamwingiza katika jumba lao la heshima, na Dedan alikuwa akitembea kama kwamba simu ya pongezi ilipigwa kwake. Katikati ya picha hizo kulikuwa na fremu tupu. Mumbua alidhani picha yake imeanguka.

Dedan alikuwa msimamizi wa walinzi, mtu wa Nyahururu, mkazi wa Industrial Area ya Doha katika chumba cha vitanda vya kupandana, na Ijumaa alivaa kofia ya ng'ombe tangu ibada inapokwisha hadi basi la kampuni linapomchukua. Masharti ya ukuta yalikuwa yake. Anayempendekeza mwimbaji asimame amtetee, na watu wote waliomo sebuleni waweze kuimba kiitikio chake bila kusoma popote. Dedan alisema mwimbaji asiyeimbwa na watu ni mali ya studio tu.

Siku hiyo aliyetangulia kusimama ni Kiptoo, dereva wa hoteli, kumtetea Skeeter Davis.

"Huyo mama hata Nashville hawajamweka," Dedan alimkata.

"Nashville walikuwa wapi tukilia na nyimbo zake Kericho?" Kiptoo akauliza. "Nyanya yangu tulimzika huyo mama akiimba kwa redio kaseti. Mwenye msiba ndiye anajua nani alimliza."

Kiitikio kikaimbwa, Millicent akakivuta kwa sauti ya kwanza hadi mtoto wake Trevor akaziba masikio. Dedan akainua mikono. "Khalas. Aingie."

Mumbua akaona hapo ndipo. Akasimama na kikombe cha chai mkononi, kwa kuwa hakujua akiweke wapi. "Mimi pia niko na mtu. Anaitwa Joram Muthama. Wa Emali."

"Emali gani, sister?"

"Emali ya Mombasa Road."

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kile cha watu waliodhani wametaniwa. Dedan alipoona mgeni hacheki, alijikohoza. "Karibu sana, na usinichukie. Lakini kantri iko na kwao. Mtu wa Emali akiimba kantri, ameazima. Na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri."

"Na hiyo kofia yako, ni ya kwenu Nyahururu?" Millicent akamrukia.

"Kofia ni heshima, Mama Trevor. Siongei juu ya kofia." Akamgeukia Mumbua, kwa upole safari hii. "Haya, tuseme nimekubali. Kiitikio je? Kuna mtu hapa anajua wimbo wake hata mmoja?"

Benard akatikisa kichwa, wenzake vilevile.

Mumbua akaketi. Angeweza kuwaambia habari za Jumanne, na alijua kabisa kwamba wangelainika, wangemwandika mzee papo hapo na kumpa pole. Hakutaka baba yake aingie pale kwa kuonewa huruma, kama mgonjwa anayepishwa kwenye foleni. Lakini alikuwa na hasira. Alimkasirikia Dedan, akamkasirikia na baba yake aliyeimba ujana wake wote bila kuacha hata alama, na hasira hii ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi.

Dedan hakuwa mtu mbaya. Aliona amemwumiza mgeni, na mgeni ni baraka, hivyo akataka kumtuliza kwa kitu chake cha thamani kuliko vyote. Akatoa simu na kuiunganisha na spika za Benard. "Sister, unaona hiyo fremu tupu? Hiyo ina mwenyewe. Marehemu mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, akaniachia kaseti haina jina, haina hata karatasi. Huyu jamaa nimemtafuta kila mahali. Ni wa Tennessee, hilo naweza kuapa. Siku nikimjua jina, anakaa hapo katikati. Hawa wote wanajua wimbo wake, nimewafunza mimi. Sikiliza ndio ujue naongea juu ya nini."

Gitaa likaanza, na Mumbua akakiweka kikombe sakafuni.

Aliujua wimbo ule kabla sauti haijaingia. Ulikuwa wimbo wa mtu anayewasihi wa nyumbani wasifunge lango, maana yuko njiani, amechelewa tu. Baba alikuwa akiwaimbia jioni, na akawaambia aliutunga mwenyewe mwaka ule mama yao alipokwenda kufanya kazi Mombasa. Na sasa huo hapa, ndani ya simu ya mtu wa Nyahururu, ukiimbwa na kijana wa Tennessee, sauti changa asiyoitambua, kwa Kiingereza cha puani. Kumbe mzee aliazima kweli, na wao watoto akawadanganya. Kumbe Dedan alikuwa na haki ya kucheka. Alitamani wimbo uishe arudi zake nyumbani.

Ukaimbwa ubeti wa kwanza na wa pili. Kabla ya wa mwisho, Dedan akainua kidole, macho yamefumbwa. "Sikieni sasa. Sikieni!"

Honi ndefu ikalia kwa mbali, ikakaribia, kisha mngurumo wa mabehewa ukajaa sebule nzima. Mwimbaji hakushindana nao. Alilichezesha gitaa polepole kwenye noti moja ileile, akingoja.

"Treni ya Marekani hiyo," Dedan akanong'ona. "Inapita katikati ya wimbo, naye anaingojea. Hiyo ndio kantri. Hiyo huwezi kuazima."

Mumbua akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na Millicent akamshika bega akidhani amepatwa na jambo. Treni ikapita, ubeti wa mwisho ukaanza, ukakatika katikati ya mstari kwa mlio mkavu. Kaseti ilikuwa imeishia hapo.

"Ni ya mizigo," Mumbua akasema. "Inatoka Mombasa. Inapiga honi mapema kwa sababu ya ng'ombe, siku ya mnada wanavuka reli. Na huyo anayeingojea ipite ni baba yangu."

Watu wakamgeukia Dedan badala ya kumtazama yeye. Dedan alikuwa ameduwaa. "Sister, hilo ni jambo zito. Kila mtu anaweza kusema hivyo."

Mumbua alipangusa macho, akaushika wimbo pale pale kaseti ilipokatikia, katikati ya mstari, akauendeleza. Hakuwa na sauti ya baba yake, lakini maneno yalikuwa yenyewe, yakiingiana na yale yaliyotangulia kama kifuniko na chungu chake, na lango lililoachwa wazi tangu ubeti wa kwanza mwishowe likasukumwa na mkono wa mwenye kurudi. Hakuna aliyewahi kuusikia mwisho huo pale sebuleni. Dedan alikuwa ameungoja tangu utotoni.

Alivua kofia. Akakaa chini kabisa, sakafuni, akaipakata. "Mjomba alikuwa akipitia hapo kila wiki na redio yake ya kurekodi," akasema. "Emali. Alikuwa anatuletea maembe." Kisha akauliza, kwa woga, "Yuko hai?"

Ndipo Mumbua akawaambia habari za Jumanne. Sasa aliweza kuwaambia, kwa kuwa mzee hakuhitaji tena huruma ya mtu.

Dedan aliinuka, akaomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa JORAM MUTHAMA, EMALI, akaitia katika ile fremu tupu na kuirudisha mahali pake, kati ya Jim Reeves na Dolly Parton. Fremu ikakaa upande. Benard akataka kuinyoosha, Millicent akamzuia.

Mumbua akapiga simu. Athanas, mdogo wake, ndiye aliyepokea, akaisogeza kwa mzee. Mnong'ono uliosikika katika spika ulikuwa wa kukwaruza, wa mtu anayeazima pumzi. "Mumbua? Uko salama mama?"

"Niko salama, Baba. Niko na watu wanataka kukusalimia."

"Shikamoo, mzee," Dedan akasema, amesimama wima kama yuko mbele ya meneja. "Naitwa Dedan. Nimekutafuta sana. Hapa tuko na ukuta wa waimbaji wa kantri, na wewe umekaa katikati. Nilikukataa leo, mzee, nilikuwa sijui ni wewe. Sasa masharti yetu..." Akamtazama Kiptoo, na Kiptoo akaanza kugonga meza kwa vidole.

Wakauimba. Waliuimba wote, Benard kwa sauti nzito nyuma, Trevor naye akifuata kiitikio ambacho alikijua kabla ya kujua kusoma. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Kisha, kama Dedan alivyowazoeza, wakanyamaza. Vidole vya Kiptoo tu viliendelea mezani, polepole, pahali pamoja, kwa muda wote ambao mabehewa ya mizigo huchukua kupita. Upande wa pili wa simu nako kulikuwa kimya. Mumbua alidhani laini imekatika.

Wakaingia ubeti wa mwisho, na pale kaseti ilipokatikia wakaishiwa maneno wote kwa pamoja. Mumbua akaendelea peke yake. Chini ya sauti yake, kutoka katika spika, mnong'ono ule wa kukwaruza ukamfuata neno kwa neno, hadi kwenye lango.

Mzee Joram akakohoa, akakusanya pumzi.

"Nani aliwafunza kungojea treni?"

"Ni wewe, mzee," Dedan akasema. "Ni wewe."