Shati Jekundu la Kunzes

Skalzang alilitambua shati lile mara tu binti yake alipogeuka kando ya jiko. Lilikuwa jekundu, limetiwa viraka vya kijani kwenye viwiko. Alikuwa amelikunja kwa mikono yake mwenyewe na kulivusha kijito hadi nyumbani kwa Mama Angmo, na huko ndiko lilikopaswa kuwa mpaka asubuhi hii.

"Umelitoa wapi hilo?" alinong'ona.

"Kwa Mama Angmo," Kunzes akajibu. "Nilikwenda kucheza na paka wake nikasikia baridi. Nikalivaa nikaja nalo."

"Lini?"

"Sijui. Kwani si langu?" Mtoto akakohoa, na alipomaliza kukohoa midomo yake ilikuwa na rangi ya wino.

Skalzang aliketi juu ya gunia la samadi kavu ya kuwashia moto. Mtawa alikuwa amesoma nyota akawatajia siku njema ya kutoka, akasema baada ya hiyo hakuna nyingine mpaka mwezi mwandamo. Lakini siku hiyo mto ulikuwa bado haujaganda kule kwenye korongo, na watu waliotoka chini walisema maji yanaonekana meusi. Basi wakafanya kama anavyofanya kila mtu katika bonde la Zanskar. Kila msafiri akatoa nguo yake moja, nguo zikapelekwa kwa jirani zikalala huko. Nguo ikishatoka, mwenyewe ametoka. Anaweza kukaa kwake akinywa chai ya siagi hata nusu mwezi, safari yake imeshaanza siku njema. Kinachokatazwa ni kimoja tu: nguo isirudi nyumbani.

Na shati la Kunzes lilikuwa limerudi.

"Skalzang!" Mkwewe, mzee Paljor, aliita kutoka uani. "Unamsuka nywele au unamfuma sweta? Jua likichomoza tutaogelea!"

"Tunakuja, baba!"

Alimjua vizuri mzee huyu. Aliwahi kuahirisha safari ya kwenda kuuza siagi kwa sababu mlangoni alikutana na mwanamke aliyebeba ndoo tupu. Akiambiwa habari ya shati, atafungua mizigo, atavua viatu, na hakuna wa kumwinua mpaka mwezi uandame. Wakati huo barafu itakuwa imekwenda zake. Njia ya mlimani ilikuwa imefunikwa na theluji mpaka kiangazi, na muuguzi wa zahanati alishasema, huku akitazama pembeni, kwamba mtoto mwenye midomo ile asisubiri kiangazi. Hospitali ilikuwa mjini Leh, ambako baba yake Kunzes alifanya kazi ya udereva. Njia pekee ya kufika Leh ilikuwa kutembea juu ya barafu ya mto.

Skalzang alichukua koti la manyoya la mtoto akalifunga vifungo vyote, hadi kile cha shingoni ambacho hakuna mtu anayekifunga.

"Linanikaba, mama."

"Nyamaza. Usilifungue mpaka nikuambie."

Mama mkwe aliwamiminia chai ya mwisho, akawajazia vikombe tena baada ya kunywa, ili warudi kuvimaliza. Fagio alikuwa ameshalificha nyuma ya mapipa, asije akasahau akafagia nyuma ya wasafiri.

Kwa Mama Angmo hawakuingia ndani. Yeye ndiye aliyetoka na nguo mikononi: kofia ya manyoya ya mzee Paljor na mshipi wa sufu wa Skalzang. Mzee alivaa kofia yake, akaivuta masikioni kwa furaha kama bwana harusi.

"Na la mtoto?" akauliza.

Mama Angmo alifungua kinywa. Skalzang akamwahi. "Nililipitia jana, baba. Liko kwenye mzigo wangu."

Mama Angmo akafunga kinywa. Alimtazama Kunzes aliyekaa ndani ya kikapu mgongoni mwa mama yake, akaona kifungo kile cha shingoni. Alichovya kidole kwenye siagi akampaka mtoto utosini.

Mto ulikuwa mweupe na mgumu pale walipoushukia, umelala kati ya kuta za mawe kama njia iliyochongwa kwa ajili yao. Mzee Paljor alitangulia na fimbo yake. Aligonga, akasikiliza, akapita. Aligonga tena. Barafu nene ilijibu kwa sauti ya kushiba. Ilipojibu kama ngoma, alizunguka.

"Buruta miguu, usiinue!" alifoka bila kugeuka. "Unatembea kama mbuzi aliyelamba pombe."

"Mbuzi wako hajawahi kubeba mtoto mgongoni, baba."

"Mbuzi wangu hana mdomo mrefu hivyo."

Kunzes alicheka ndani ya kikapu, kisha akakohoa. Baada ya hapo ilisikika fimbo tu. Mchana upepo ukakatika. Mawingu yalishuka yakaziba mwanya wa anga juu ya korongo, na baridi ikapungua. Mgeni angefurahi. Mzee Paljor alivua kitambaa usoni, akainusa hewa, na hakufanya mzaha tena.

"Hewa hii si ya msimu huu," alisema. "Siku njema haiji na hewa hii."

Skalzang alitazama chini. Chini ya unyayo wake, ndani ya barafu, mapovu ya maji yalikuwa yanatembea.

Jioni waliingia pangoni, mahali wasafiri wote hulala, dari yake nyeusi kwa moshi. Walichemsha chai, wakafinyanga unga wa shayiri ndani yake. Kunzes alilamba kidogo akaegemea ukuta. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi, kama za mtu aliyepanda mlima, ilhali alikuwa hajapiga hata hatua.

"Mlete nimpake siagi kifuani," mzee alisema. "Na mvalishe lile shati lake. Ni vizuri liwe mwilini usiku wa kwanza."

"Nitampaka mimi, baba."

"Mikono yako ni ya baridi. Mlete." Akamvuta mjukuu wake mapajani, akafungua kifungo cha shingoni.

Moto ulikuwa unawaka vizuri. Wekundu ule haukuwa na pa kujificha.

"Kumbe umeshamvalisha," alisema mzee. "Saa ngapi? Hatujafungua mzigo."

Kunzes ndiye aliyejibu, kwa sauti ya usingizi: "Nilikuwa nalo tangu nyumbani, babu. Nililichukua kwa paka."

Mzee Paljor alibaki ameshika ile kola. Kule nje barafu ililia, mlio mrefu uliopita chini ya pango na kwenda mbali.

"Lilirudi," alisema.

"Lilirudi, baba."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukanidanganya mbele ya mlango wa jirani, siku ya kutoka."

"Ungekataa kuja! Ungekaa kusubiri mwezi, na mwezi ungemkuta..." Alishindwa kulimalizia neno hilo mbele ya mtoto. Alipiga magoti juu ya mawe. "Nipige, baba. Nitukane. Lakini usiturudishe."

Mzee hakupiga wala hakutukana. Alimpaka mtoto siagi kifuani taratibu, akamfunga koti. Kisha akavua kofia yake ya manyoya, akamvika Kunzes. Ilimfunika mpaka kwenye nyusi.

"Babu, sioni."

"Huna cha kuona huku. Lala." Akamgeukia Skalzang. "Hii ilitoka siku njema na haikurudi. Sasa ni yake. Asiivue, hata akijikuna, mpaka awe mikononi mwa daktari."

"Na wewe, baba?"

"Mimi kichwa changu ni kigumu. Muulize mama mkwe wako."

Lakini hakucheka, na Skalzang hakuweza kucheka kwa ajili yake.

Kulipopambazuka maji yalikuwa juu ya barafu. Yalitambaa kimya, yakifika vifundoni. Mzee alitangulia kichwa wazi, nywele chache nyeupe zimesimama. Alikuwa anagonga mara nyingi zaidi kuliko jana, na mara nyingi zaidi alizunguka.

Walifika mahali ambapo korongo linabana. Katikati mto ulikuwa umefunguka, maji meusi yanakwenda kasi bila kelele. Iliyobaki ilikuwa ni ukingo wa barafu ulioganda kwenye mwamba, mwembamba kama rafu ya vyombo.

"Nitapita kwanza," mzee alisema. "Nikifika, lala kifudifudi, sukuma kikapu mbele yako. Usisimame. Ukisikia mlio, usisimame."

Alipita akiwa amekumbatia mwamba. Skalzang alilala, akasukuma kikapu. Maji yalikuwa chini ya kifua chake, aliyasikia kwa mbavu. Kunzes alikuwa amemkodolea macho kutoka chini ya kofia.

"Mama, tumechelewa?"

"Hatujachelewa. Shika kofia."

Mkono wa mzee ulikamata kikapu, kisha ukamkamata yeye kwenye mshipi. Alipoinuka, kipande cha rafu walichotoka kilijitenga na mwamba. Hakikuvunjika kwa kishindo. Kiliinama tu, kikaenda zake, kama mtu aliyekuwa anawasubiri wapite.

Mchana waliona lori la wajenzi wa barabara limeegeshwa pale barabara inapoishia. Dereva, mtu wasiyemjua, alishuka mbio akampokea mtoto.

"Pandeni, pandeni! Wazee wangu, mmetoka na mto huu? Umeoza!"

Skalzang alipanda. Mzee Paljor alibaki chini akifunga upya kamba za viatu.

"Baba, panda."

"Mama mkwe wako yuko peke yake, na ng'ombe wetu yaki anazaa wiki hii."

"Yaki atazaa mwenyewe! Umeona ile rafu? Utapita wapi?"

"Kuna njia ya juu ya mwamba."

"Mbuzi hapiti pale!"

"Ndiyo maana hatumtumi mbuzi." Alinyanyuka, akakaribia ubavu wa lori, akapunguza sauti. "Sikia, Skalzang. Mimi sikutoka. Kofia yangu imeondoka na mtoto. Mtu ambaye hakutoka yuko kwake. Nikipanda humu, wawili tutagombea kofia moja, na mwenye nguvu ni mimi. Acha nirudi nilipo."

Skalzang alinyoosha mkono kwenye kichwa cha binti yake. Vidole vyake vilishika manyoya. Yalikuwa na joto, yananuka moshi na siagi na mzee mwenyewe. Masikio ya mkwewe yalikuwa yamekuwa meusi kwa baridi.

"Ukiivua," mzee alisema, "umemrudisha. Haya, ivue."

Alisubiri. Lori lilikuwa linanguruma. Kunzes alivuta pumzi, ikakwama, akavuta tena.

Skalzang aliuondoa mkono.

"Ndiyo," mzee Paljor alisema, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Alimgusa mjukuu wake shavuni, akageuka, akashuka mtoni akiburuta miguu, fimbo mbele. Hakuangalia nyuma, kwa sababu anayerudi nyumbani haagi. Alikunja kona ya mwamba, na kichwa kile cheupe kikawa hakionekani tena.

Dereva alikuwa anageuza lori ulipokuja mlio kutoka korongoni. Ulikuwa mzito, kama boriti ya paa inapokatika nyumbani mwa mtu. Dereva alikanyaga breki, akamtazama Skalzang kwenye kioo.

"Endesha," Skalzang alisema.

"Mama," Kunzes aliuliza, "ni babu anagonga barafu?"

"Ni babu anagonga barafu."

Akaiweka mikono yake yote miwili juu ya kofia, akaikandamiza, na hakuiondoa njia nzima.