Programu ya Wakfu

Kompyuta ilifika Mkomani, mtaa wa Lamu, siku ya Jumatatu, imeviringwa kwa leso mbili na taulo, mapajani mwa mama mmoja aliyekuja nayo kwa basi hadi Mokowe akavuka nayo bila kuitua chini. Swafiya, binti wa pekee wa Bi Mwanatumu, ndiye aliyeipeleka kwa njia hiyo kutoka Mombasa, kwa kuwa hakuwaamini watu wa mizigo. Ilikuwa Mac mpya, nyembamba kama sinia ya kahawa. Bi Mwanatumu aliiweka juu ya kitanda, akaenda kuosha mikono, ndipo akarudi kuifungua.

Hakuitaka kwa fahari. Aliitaka kwa ajili ya kanda.

Marehemu mumewe, Bwana Hamdun, alisomesha darsa ya Ramadhani miaka kumi na tisa katika msikiti ulio nyuma ya nyumba yao. Kila siku baada ya Alasiri aliifasiri Kurani katika kipaza sauti, kwa Kiamu cha nyumbani, ikamwingia fundi wa milango na ikamwingia bibi aliye jikoni. Mwaka wake wa mwisho mtu mmoja alimwekea kinasa sauti mezani, na juzuu zote thelathini zikaingia katika kanda thelathini. Tangu hapo kanda zimekaa katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimepangwa kama vitabu, na hewa ya chumvi inazila kidogo kidogo.

Mwezi uliopita jirani yake, Bi Esha, alikuja kusikiza darsa ya Sura Maryamu. Kanda haikufika mbali. Redio ilianza kuitafuna, na Bi Mwanatumu ikabidi aivute pole pole, aizungushe kwa kalamu, huku Bi Esha amefumba macho kama mtu anayeshonwa jeraha. Kutoka siku ile Bi Mwanatumu alijua moyoni kwamba kila kanda imebakiwa na kuchezwa mara moja, labda mara mbili. Ramadhani ilikuwa siku ishirini na tatu mbele, na wake wa mtaa walikwisha kumwomba waje ukumbini kwake waisikize darsa kama zamani. Sauti ikiingia katika kompyuta, itabaki. Isipoingia, basi ndiyo mara ya pili kumzika.

Wa kwanza kuja kuitazama kompyuta alikuwa Shuaib, mwana wa ndugu yake, mwenye duka la simu katika njia kuu. Aliigeuza, akaisifu, akasema bila programu ni sanduku tu. Kisha akatoa flashi mfukoni. Alikuwa na programu ya kurekodi, kubwa, ya studio, ambayo kufuli yake ilikwisha kuvunjwa na watu wanaojua kazi hiyo.

"Mwenyewe yuwaridhi?" Bi Mwanatumu aliuliza.

"Mwenyewe yuko ng'ambo, shangazi. Hata hajui kama Lamu iko."

"Sikuuliza yuko wapi."

Shuaib alijaribu kumweleza kwamba dunia nzima inafanya hivyo. Bi Mwanatumu alimwacha amalize, kisha akamwambia kwamba maneno ya Mungu hayatiwi katika chombo cha wizi, kwani huko ni sawa na kutawadha kwa maji ya kuiba.

"Basi tawadha kwa mchanga, shangazi," alisema Shuaib, akarudisha flashi mfukoni akicheka.

Juu ya nyumba ile aliishi Jeruto, mpangaji, mwalimu wa gredi ya sita aliyetoka Kapsabet na kuletwa na kazi. Alikuwa mwaka wa nne sasa. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, lakini alikwisha kujifunza kuvua viatu chini ya ngazi na kutopiga mluzi wakati wa adhana, na Bi Mwanatumu alimwamini kuliko ndugu wengi. Jioni ile walikaa pamoja mbele ya kioo, wakatafuta programu ya bure.

Ya kwanza waliyoipata iliandikwa bure kwa herufi kubwa. Waliishusha, ikafunguka vizuri, ikanasa sauti ya Jeruto akihesabu moja mpaka kumi. Walipotaka kuhifadhi, ikaomba nambari ya kadi ya benki, ikasema bure yake ni ya siku saba.

"Hiyo si bure, ni chambo," alisema Bi Mwanatumu. "Itoe. Na kila utakayoipata, uliza kwanza: mwenyewe ameridhi, au atarudi kuitaka?"

Jeruto alicheka, lakini aliifuta. Akasoma huku na huku, akauliza walimu wenzake kwenye simu, na mwisho akasimama penye programu iitwayo Audacity. Alisema hii ni ya kunasa na kusafisha sauti, inakubali Mac, na haiombi kadi. Bi Mwanatumu akamwambia asome masharti, yote, asiruke. Jeruto aliyasoma kwa Kiingereza kigumu kile cha mawakili, akiyageuza kidogo kidogo.

"Unaweza kuitumia kwa kazi yoyote, Mama. Unaweza kumpa mtu mwingine. Unaweza hata kuifungua uone vile imetengenezwa, uibadilishe. Lakini ukimpa mtu ile umebadilisha, lazima umpe na ruhusa zote kama vile ulipewa wewe. Huwezi kumfungia."

Bi Mwanatumu alisogea karibu na kioo. Alimwomba arudie hapo pa mwisho, akasikiza kwa makini ya mtu anayepimiwa kitambaa.

"Wameitoa wakfu," alisema.

Jeruto hakulijua neno hilo vizuri, kwa hiyo alielezwa. Pale msikitini pana kisima, kilichimbwa na nyanya wa mama yake Bi Mwanatumu, akakitoa kwa ajili ya Mungu. Tangu siku ile si chake, si cha wanawe, wala si cha imamu. Kila mtu huteka. Hakuna wa kukiuza wala wa kukitia kufuli, hata akiwa amekijengea ukingo mpya kwa mali yake. Jeruto alisema basi ni hivyo hivyo, ila hiki kisima kimechimbwa na watu wengi, wengine hawajawahi kuonana.

"Na mimi hawanijui?"

"Hawakujui, Mama."

Bi Mwanatumu aliinua mikono akawaombea watu wale, mmoja mmoja bila majina. Jeruto aliinamisha kichwa mpaka dua ikaisha. Kisha akamwonyesha nyingine za namna ile: LibreOffice ya kuandikia, ambayo yeye mwenyewe hutungia mitihani ya watoto, na VLC ya kuchezea sauti na picha. "Moya yatosha kwa leo," alisema Bi Mwanatumu.

Asubuhi yake Jeruto, kabla ya kwenda shule, aliunganisha waya kutoka redio hadi kompyuta kwa kipande kidogo walichokipata kwa Shuaib. Akaandika hatua katika karatasi: fungua programu, bonyeza duara jekundu, washa kanda. Akasema waya ukishaingia, redio haitatoa sauti, asishtuke. Akatoka.

Bi Esha alikuja na wakaza wanawe wawili kusaidia kuchambua mchele. Walikaa mle ndani bila ushungi, wameachia nywele, na mazungumzo yalikuwa ya talaka ya mtu wanayemjua wote. Bi Mwanatumu akakaa kwenye kompyuta, akasema bismillahi, akabonyeza duara jekundu. Pakatokea kijisanduku cha maneno.

Aliyasoma kwa Kiingereza chake cha shule ya msingi, kidole chini ya kila neno. Programu inaomba kutumia maikrofoni. Alielewa vizuri: kitu hiki kinataka kusikiza. Swafiya alikwisha kumwonya katika simu, si mara moja, kwamba mashine ikiomba jambo asilolijua akatae. Na hapa nyuma yake wamekaa wake wa watu vichwa wazi, wanasema ya kusemwa ndani. Alimsikia bibi yule wa talaka akitajwa kwa jina lake na la babake. Akabonyeza kukataa, kwa kidole kilichonyooka, akaona amelinda nyumba.

Kisha akabonyeza duara jekundu tena, akawasha kanda ya juzuu ya kwanza. Redio ikanyamaza kama alivyoambiwa. Kwenye kioo mstari ulikwenda, ukaenda, dakika arubaini na tano. Kuelekea mwisho alisikia ndani ya redio mlio anaoujua, mkwaruzo mdogo, akaruka akaizima. Shubiri nzima ya utepe ilikuwa imekunjamana.

Akawasha kusikiza kilichoingia. Hapakuwa na kitu. Mstari ulikuwa umenyooka mwanzo mpaka mwisho, kama uzi wa fundi cherahani.

Wageni waliondoka. Yeye alikaa na kanda mkononi, akiulainisha utepe kwa ncha ya leso, hata Jeruto aliporudi kutoka shuleni. Jeruto alichomoa waya, akachomeka, akageuza. Hawakuthubutu kuicheza tena kanda ya Bwana Hamdun. Walijaribu kwa kanda ya kasida za harusi ya Swafiya, na mstari ukanyooka vile vile. Jeruto alihangaika karibu saa nzima. Mwisho alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama.

"Mama, pengine hii Mac mpya haipatani na hii programu. Kwa sasa si tutumie tu ile ya Shuaib? Kanda zinaisha. Tukishamaliza, tunaifuta."

Bi Mwanatumu aliirudisha kanda ya juzuu ya kwanza ukutani. Alijua kwamba Jeruto hasemi kwa uovu, na alijua pia kwamba kanda ya pili haitangoja moyo wake utulie. Adhana ya Alasiri ikalia, akaenda kuswali.

Alikuwa bado juu ya mswala, tasbihi mkononi, aliposikia mtu chini mlangoni akipiga hodi. Ilikuwa sauti ya Khatib, mleta mkate. Alipiga ya kwanza. Jeruto, huko aliko, alidhani mwenye nyumba ataitika; mwenye nyumba alikuwa katika kuhesabu tasbihi. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Kisha zikasikika nyayo zake zikirudi uchochoroni, kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa pale: hodi tatu, usipoitikiwa hugusi mlango, unarudi na mkate wako.

Tasbihi ikasimama kati ya vidole vya Bi Mwanatumu.

"Mwalimu," alimwita aje kwake. "Ndoo hapa. Asubuhi kitu kile kilipiga hodi."

"Kitu gani?"

"Hiyo programu. Iliomba rukhusa ya kusikiza, nami nikaikataza, maana Esha na wakaza wanawe walikuwa vichwa wazi. Haikuniuliza tena. Nadhani imekaa nje hata sasa, yangoja."

Jeruto alimtazama, akafungua mdomo, akaketi palepale sakafuni akicheka hata machozi yakamtoka. Bi Mwanatumu alimngoja amalize. Kisha Jeruto akafungua sehemu ya mipangilio ya Mac, akashuka mpaka penye faragha, akapata safu ya maikrofoni. Jina la programu lilikuwapo, na kando yake kijilango kidogo kimefungwa. Akamsogezea kompyuta, akamwambia mlango ni wake, afungue mwenyewe.

"Itasikiza mazungumzo yetu?"

"Itasikiza huu waya tu. Na ni wakati umebonyeza nyekundu tu."

Bi Mwanatumu akafungua. Walizima programu wakaiwasha upya, wakaweka kanda ya kasida, na kwenye kioo pakainuka vilima, virefu na vifupi, vikicheza pamoja na matari.

Kisha wakaweka juzuu ya kwanza. Utepe ulipofika mahali palipokunjamana ulisitasita, ukameza nusu ya sentensi, ukapita. Upande wa kwanza ukaisha. Jeruto alimpa kipaza cha sikio kimoja akavaa kingine, wakasikiza. Bwana Hamdun alikuwamo, ila nyuma yake palikuwa na mvumo kama mchanga unaomwagwa bila kwisha.

Jeruto alisoma namna ya kuuondoa. Alisema programu inataka ionyeshwe kwanza kipande chenye mvumo mtupu, kisicho na sauti ya mtu, ipate kujua cha kufuta. Alitafuta katikati, asikione. Bwana Hamdun hakuwa mtu wa kupumzika akishaanza.

"Tazama mwanzo," alisema Bi Mwanatumu. "Kabla ya bismillahi. Hakuwa akianza mpaka wake wa majumbani waweke chini masufuria. Alikuwa akitungoja."

Palikuwapo, sekunde saba nzima. Jeruto alizichagua, akaionyesha programu, kisha akaiambia isafishe kanda yote. Mchanga ukakatika. Sauti ikabaki peke yake, karibu, na kikohozi chake kidogo. Bi Mwanatumu alivua kipaza, akakifuta kwa leso, akakivaa tena. Akasema ile nusu ya sentensi iliyomezwa iachwe hivyo hivyo, maana yeye anaikumbuka, na wake watakaokuja ukumbini atawaambia. Akasema pia ile yenye mchanga isifutwe. Ziwekwe zote mbili.

Siku ya tatu Shuaib alipita, akamsikia marehemu mume wa shangazi yake anasema ndani ya nyumba kwa sauti safi, akasimama mlangoni.

"Nilidhani watawadha kwa mchanga, shangazi."

"Maji yamepatikana," alisema Bi Mwanatumu. "Lete flashi yako nikutilie programu nawe. Ni wakfu, sina haki ya kukunyima."

Akaileta, na safari hii hakucheka.

Pande tatu za kanda kwa siku zitatosha kumaliza kabla ya Ramadhani, ikiwa kanda zitavumilia, na mpaka hapo zilikuwa zikivumilia. Alasiri ile Bi Esha na wakaza wanawe walikuwa wamekaa tena na mchele wao. Bi Mwanatumu aliweka kanda ya nne, akakagua waya, kisha akasimama akatangaza kwa sauti ya kufika jikoni kwamba chombo kinaanza kusikiza.

Jeruto, aliyekuwa akisahihisha madaftari, alimkumbusha kwamba kinasikiza waya peke yake.

"Nayua," alisema Bi Mwanatumu. "Lakini waambiwe."

Akakaa, kidole juu ya duara jekundu, akangoja mpaka ungo wa mwisho ukawekwa chini.