Dirisha la Magharibi

Samha alijiamini kama mtu aliyepanda ndege mara mbili maishani, na kweli ndizo alizopanda. "Bibi, kiti niachie mimi. We niambie tu, kwenu upande gani?"

"Magharibi," akajibu Bibi Nabra bila kufikiri. Wanubi wa Misri wa rika lake ukiwauliza kwao hukutajia kwanza ukingo wa Mto Nile, ndipo kijiji.

Kijiji chenyewe, Sorkarti, kilimezwa na ziwa la bwawa Bibi akiwa binti mdogo. Kilichosalia juu ya maji ni kilele cha kilima chenye mabega mawili, alikochungia mbuzi. Sasa macho yalikuwa yakififia, na daktari hakumzungusha: anachotaka kukiona, akione mwaka huu. Ndiyo maana ya safari hii, Aswan hadi Abu Simbel, kwenda na kurudi siku moja.

Ndege inaelekea kusini, magharibi ni kulia. Samha akabonyeza simu: dirishani, kulia, mbali na bawa. Kiti cha kurudia akabonyeza hicho hicho, Bibi asichanganyikiwe. Akajipa heko.

Walipopaa, Bibi akabandika uso kwenye kioo. Mchanga. Akasubiri. Mchanga tena.

"We mtoto, maji yako wapi?"

Upande wa kushoto abiria walikuwa wameinua simu, "Mashallah, ziwa hilo!" Samha akanyoosha shingo kuangalia ng'ambo. Kijiji kilikuwa magharibi ya mto, sawa. Lakini ndege nayo ilikuwa magharibi ya kijiji.

"Bibi, nisamehe. Tumepita nyuma ya kwenu."

"Yaani nimepanda dege zima kuja kuchungulia uani?"

Samha akainuka aombe kiti cha ng'ambo. Taa ya mikanda ikawaka, mhudumu akamrudisha chini. Wakatua.

Kwa binamu yake Samha huko Abu Simbel waliandaliwa samaki wa kukaanga. Samha hakugusa sahani yake. Bibi akala wake, kisha akavuta na sahani ya mjukuu. "Kosa ni lako, samaki ana kosa gani?" Ila baadaye Samha alimwona akipangusa machozi, na hayakuwa ya moshi.

Uwanjani akamwangukia dada wa kaunta. "Dada yangu, nitilie kushoto! Kokote, mradi kushoto!"

"Kumejaa, habibti. Kaeni mlipopangiwa."

Basi wakarudi upande ule ule wa kulia. Samha hakuthubutu hata kumtazama bibi yake. Ndege ikapaa, ikageuza pua kaskazini, na dirisha lote likajaa buluu.

"Bibi! Bibi, ndege imegeuka! Kulia sasa ndiyo—"

"Nyamaza."

Bibi Nabra alikuwa ameshika kioo kwa viganja viwili. Chini, karibu kabisa, kisiwa kidogo cha mawe kilitokeza mabega yake majini.

"Kile pale. Bega moja limemomonyoka." Akacheka huku akilia. "Kimezeeka, maskini. Alhamdulillah, tumeonana."

"Nilipanga hivyo tangu mwanzo," akasema Samha, kamasi zikimtoka.

"Mwongo mkubwa we." Bibi akamvuta, akambusu kichwani, asiuachie mkono wake mpaka kilima kikapotea. Ndipo akageuka. "Tukishuka, mpigie binamu yako. Akaange samaki mzuri, ampelekee yule dada wa kaunta aliyekunyima kiti."