Mhusika Mdogo Msibani

Kwa kuwa pale nyumbani hakuna mwingine aliyekuwa akisoma sekondari, Dusabe ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa bibi yake, Mukandekezi, usomwe kabla ya mazishi. Alikaa nyuma ya jiko, karatasi gotini, akayakumbuka ya darasani. Mandhari ni mahali na wakati. Mhusika mkuu huyabeba matukio mwanzo hadi mwisho. Mhusika mdogo huingia, akasaidia kidogo, akapita. Akaona si kazi ngumu. Mhusika mkuu alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza.

Mandhari ikamshinda papo hapo. Baba yake mkubwa, Twagirayezu, alisema mama yao alizaliwa ng'ambo ya mto. Shangazi Mukantabana akakataa katakata: alizaliwa Kamuli, akaletwa hapa Nyaishozi akiwa mgongoni. Dusabe akaandika, akafuta.

Kisha baba mkubwa akamwinamia, akataka iandikwe ni nani aliyeezeka nyumba ile mabati. Shangazi akataka iandikwe ni nani aliyemuuguza. Mzee wa kanisa, Deodatus, naye hakutaka maombi yake yasahaulike. Wote ni wakubwa. Dusabe akaandika yote.

Akarudia kusoma. Akamfuata shangazi jikoni.

"Shangazi, humu bibi amekuwa mhusika mdogo."

"Ndiye nani huyo?"

"Mtu wa kupita tu."

"Wewe mtoto, unamtukana marehemu? Msiba wote huu ni wa nani?"

"Ni wake. Ila humu hafanyi kitu."

"Amekufa, Dusabe. Afanye nini?"

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakacheka, halafu wakakumbuka walipo, wakainamia ndizi zao. Dusabe naye hakujua acheke au alie. Jeneza lilikuwa linatolewa, na akizikwa kwa karatasi ile, bibi angeondoka bila kutajwa kwa jambo lake hata moja.

Alisimama chini ya turubai akasoma mpaka kwenye mabati. Hapo akaikunja karatasi.

"Bibi ndiye aliyempa kila ndama jina," alisema. "Shamba lilipoungua, watu walitaka tuhame. Bibi alichukua jembe akapanda migomba upya."

Baba mkubwa alimkazia macho. Dusabe akajua amekosea, ila hakujua amekosea wapi.

Ndipo mama mmoja asiyemfahamu akainuka nyuma kabisa. Akasema usiku mmoja wa mvua Mukandekezi alimzalisha njiani, akamvika mtoto kitenge chake, akarudi kwake amelowa. Mwingine akainuka kabla wa kwanza hajakaa. Deodatus akatazama saa. Baba mkubwa akasema, kwa sauti ya chini, "Waache."

Dusabe akaikunjua karatasi, akaigeuza upande mweupe. Sasa hakujua hata msimulizi ni nani. Akaomba kalamu, akaandika waliyokuwa wakiyasema, akiwa amesimama.