Sura Iliyokataa Wino

...na masharubu haya nayo yametoka wapi, anajiuliza Bu Tumirah, ameuinua mfuko wa plastiki uliochapwa uso wake kuelekea mlangoni kwenye mwanga, maana kwenye picha hayakuwepo, kwenye picha ya arusi ya binti yake pale chini ya pua palikuwa na kivuli tu, kivuli cha heshima, kimelipiwa kwa mpambaji aliyetoka Solo na sanduku lake la poda, na sasa kivuli kimegeuka masharubu ya polisi mstaafu, na nani atanunua sambal ya pecel, mchuzi wa karanga na pilipili, kwa polisi mstaafu... "Ni rangi moja, Bu," anasema Mas Gunarto mchapaji, fremu yake ya wavu wa kuchapia mkononi, wino unamsubiri, "wavu haujui kivuli, unajua wino umepita au haujapita," ah, huyu naye, kila chombo chake kina udhuru, kwenye bango sawa, pale ukutani anang'aa kama mke wa mkuu wa wilaya, kope zile, maua ya dhahabu kwenye fundo la nywele, lakini bango halipandi treni, kinachopanda treni ni mfuko, na boksi, na karatasi ya kaki iliyogongwa mhuri, na huko kwenye mhuri, Gusti, Mungu wangu, uso mzima umeshuka ukubwa wa sarafu, umekunywa wino wote, umekuwa tempe ya soya iliyoungua kikaangoni, na kwenye aproni ndiyo usiseme, uzi umempa misalaba miwili badala ya macho, kama kuku aliyekwisha kuchinjwa... "Bu Lestari wa mbele ya stesheni alinilazimisha vilevile," Mas Gunarto anaendelea, "nilimwambia, Bu, uso una mambo mengi, akasema wewe chapa," na hapo Bu Tumirah anataka kucheka, maana nani Madiun nzima hajui habari ya Bu Lestari, aliyepeleka picha yake ya ujana, kiuno bado kipo, wino ukamtambaa kidevuni ukamwotesha ndevu, na mpaka leo madereva wa becak, baiskeli za abiria, wakipita dukani kwake wanapaza sauti kama kwa mkuu wa mtaa, shikamoo Pak Lurah, Pak Lurah yupo?, na yeye anatoka na ufagio... siku ile Bu Tumirah alicheka hadi kemben ikalegea kifuani, ila kiganja mdomoni, kiganja mdomoni siku zote, tangu jino lile... wala hataki kulifikiria jino lile, basi linakuja lenyewe, karanga zile za bei rahisi alizonunua kwa pupa, foleni ya wateja hadi barabarani, akachovya kidole, akaonja, krak, akadhani ni kokoto, na kweli kokoto lilikuwepo, lakini kilichovunjika kilikuwa chake, jino la mbele, juu, mahali pa kukaribishia wageni, likadumbukia kwenye kinu, likatafutwa humo kwenye sambal kama pete ya ndoa, hadi mumewe Pak Darmo akalipata ndani ya kijiko chake, akaliweka pembeni ya sahani, akaendelea kula... mwanamume yule, akaendelea kula! "Kwa hiyo nimethubutu, Bu, usinikasirikie," Mas Gunarto anasogeza vitu vingine mezani, mhuri mwingine, aproni nyingine, mfuko mwingine, "hii niliichora siku ile paka alipotumbukia kwenye ndoo ya wino," na Bu Tumirah anaona, na damu inampanda hadi masikioni, kwa sababu uso haupo, pua haipo, kope za Solo hazipo, kuna mdomo tu, mdomo unaocheka, kipande cha mwezi, na katikati kimraba kimoja cheusi... pengo lake, mshenzi huyu, pengo lake hasa! siku ya paka alicheka akasahau kiganja, mara moja tu katika miaka yote hiyo, na jicho la mchapaji likadaka... "Mas, una adabu wewe?" "Kidogo, Bu. Lakini gonga mhuri mwenyewe uone," naye anagonga, kwa hasira, na mdomo unatoka safi, anaugeuza mfuko, safi, anaipapasa aproni, mdomo uleule, hata uzi umeelewa... lakini besan je, mzazi wa mkwewe huko Surabaya, daktari wa meno, katika watu wote ulimwenguni binti akaenda kuolewa kwa daktari wa meno, na siku nzima ya arusi Bu Tumirah alizungumza kama mshonaji mwenye pini midomoni, akala wali bila kutabasamu, wakasema mama wa bibi arusi ana huzuni, na kila Lebaran, kila Idi, boksi la sambal huenda kwao, sasa liende na hili, likae mezani kwa daktari, likimchekea?... "Watu wanasema pecel ya nani, Bu?" anauliza Mas Gunarto polepole, kama anayechomoa mwiba, na kumbe anajua kwamba Bu Tumirah mwenyewe anajua, wanasema kwa Bu Pengo, abiria akishuka stesheni anasema nipeleke kwa Bu Pengo, dereva anasema panda, hakuna anayeuliza Tumirah ni nani, na wanaongeza, yeye huwa anajifanya hasikii, lakini wanaongeza, kwa Bu Pengo hutang'ata mchanga hata siku moja... na watang'ata wapi, tangu krak ile karanga huzipepeta mwenyewe, dirishani, kiganja kwa kiganja, miwani puani, jino moja limelinda meno ya mji mzima, na ya Surabaya pia, ya daktari mwenyewe, ambaye kwa kweli ametiwa hasara, angepata wagonjwa wangapi kwa kokoto moja... na hapo linampata, cheko, linapanda kutoka tumboni kama maji ya wali yanapochemka, mkono unaondoka kwenda mdomoni kwa mazoea, unafika kidevuni, unasita, unaishia kurekebisha kola ambayo haikuwa na tatizo lolote... "Bu? Tuchape?" wino unazidi kumkaukia Mas Gunarto, fremu bado mkononi, lakini sasa anamtazama mdomo, anatazama mhuri, anatazama mdomo tena, kama fundi anayelinganisha kazi na mfano wake, basi na alinganishe vizuri, anawaza Bu Tumirah, na ili kumsaidia anageukia mwangani, mdomo wazi.