Mkono Uliofichwa kwenye Gauni

Bibi Guyonne alikuwa na siku kumi na mbili kaburini, na Fundi Ysambard alikuwa na uso wake tu, aliouchora kwa chaki kabla ya Kwaresima. Mabibi wa mji wetu wa Tours hawakai mbele ya mchoraji zaidi ya saa moja. Mwili hutafutwa baadaye, kwa yeyote ambaye gauni litamkaa. Mimi ndiye mshonaji wa nyumba ile, na gauni lilinikaa.

Siku ya kwanza alichora shingo. Adhuhuri, nilipovua kola, Thibaude mpishi alinishika kidevu.

"We Perrine, kile kidoti chako cha shingoni umekipeleka wapi? Umekisugua na majivu?"

Nilipapasa. Ngozi tupu. Nilipogeuka, nilikiona kwenye picha, chini ya sikio la bibi. Mumewe, Bwana Gatien, alikuwa amekisogelea huku machozi yakimtoka.

"Kidoti chake," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kukisahau."

Bibi hakuwa na kidoti. Nilimvisha miaka sita, najua.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mikono. Mkono wangu wa kushoto una kovu la moto. Nilikuwa natambaa kuelekea mekoni, mama akanidaka nikiwa nimeshagusa kaa. Mwaka huohuo akafariki. Sura yake siikumbuki. Kovu hili ndilo pekee nililobaki nalo.

"Fundi, nakuomba, wa kushoto usiuchore."

"Ala! Bibi mzima na mkono mmoja? Watasema alikatwa kwa wizi."

"Nitauficha kwenye mikunjo ya gauni. Tafadhali, fundi."

Aliniangalia, akachukua brashi. "Haya, binti. Mkono mmoja, kazi nusu. Ila usitikisike."

Nilisimama hadi miguu ikafa ganzi. Alichora wa kulia, umelala juu ya mto wa mahameli, kidole kwa kidole. Alipoweka brashi chini niliutoa wa kushoto haraka. Kovu lilikuwepo. Nililibusu mbele yake bila aibu.

Siku iliyofuata nilikaa kushona mashuka. Sindano ilinidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Vidole vyangu vya kulia vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, havina sugu hata moja, na havikujua cha kufanya.

"Nimeumia mkono," nilimwambia Thibaude. "Siwezi kushona."

"Uvivu huo, mwanangu."

Picha ilitundikwa chumba cha kulia. Jumatatu tulipofungua madirisha, kitambaa cha meza kilichokuwa hakijamalizwa kilikuwa kimepindwa pindo pande tatu. Ilikuwa mishono yangu, midogo, ya kuegemea kushoto. Upande wa nne ulikuwa umeachwa njiani, uzi unaning'inia, kama kazi ya mtu anayehitaji mkono wa pili wa kumshikia kitambaa.

Thibaude alicheka. "Si ulisema huwezi? Haya, malizia basi!"

Niliutazama ule mkono wa kulia pichani. Niliuzungushia aproni mkono wangu wa kushoto, mara mbili, mara tatu, nikatoka chumbani kinyumenyume.