Nyumba ya Krum Yaenda Lom

Asubuhi ile Stefka alikuwa uani kwake mjini Lom, kando ya mto unaopakana na Romania, akichoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi. Ralitsa, binti wa marehemu mdogo wake, alikuwa akizimenya. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amemtoroka baba yake, Krum, kule Vidin, kwa sababu ya kuchapwa mkanda.

Hawajamaliza hata sufuria ya kwanza, nyumba ya Krum ikawasili. Ilikuja na barabara kuu, ikitembea pembeni ili magari yapite, mzabibu wake ukiburuzika nyuma. Ikachuchumaa kwenye kiwanja kitupu mbele ya geti. Krum akafungua dirisha, kavaa fulana.

"Ralitsa! Kahawa yangu iko wapi?"

"Kwangu huingii," Stefka alisema.

"Nani kakwambia naingia? Mimi niko kwangu."

Jirani alilalamika kwamba nyumba inamzibia jua na nguo zake hazikauki. Polisi akaja, akamwomba Krum aisogeze kidogo. Ikasogea. Ndipo Stefka akamvuta Ralitsa mbele, akampandisha mkono wa blauzi.

"Afande, hebu ona mwenyewe."

Polisi aliona. Akavua kofia, akaivaa tena. "Mama, mtoto anakaa anapokaa baba yake. Akitaka kukaa kwingine, baba akubali au hakimu aamue."

"Basi nitakwenda kwa hakimu," Ralitsa alisema.

Walikwenda kwa basi hadi mji wa jirani. Walipofika, nyumba ilikuwa imeshapata nafasi kwenye maegesho ya mahakama. Hakimu, mama mpole mwenye mafua, alimsikiliza Ralitsa mpaka mwisho bila kumkatiza. Krum akasema alilewa, na kwamba tangu mkewe afariki hana mwingine. Hakimu akatazama dirishani.

"Ile ndiyo nyumba yenu?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Ralitsa alijibu.

"Imetoka Vidin?"

"Kwa miguu."

Hakimu akapenga kamasi. "Binti yangu, ni wazazi wangapi wangefanya hivyo? Wengine hata nauli hawatoi."

Akampa Krum onyo. Ralitsa akaamriwa kukaa na baba yake mpaka atimize miaka kumi na minane.

Nje, nyumba ilikuwa imeinama, kizingiti kikigusa lami. Ralitsa alimshika Stefka mkono, asiuachie.

"Mama mkubwa, na nikivuka mto? Nikienda Romania?"

"Sijui, mwanangu. Inajua kuogelea?"

"Inajua," Krum alijibu kutoka ndani.

Ralitsa akapanda. Krum akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Nyumba ikasimama, ikatembea hadi njia panda, ikangoja taa iwe ya kijani kama gari lolote, ndipo ikavuka.